Walionidanganya kwa Kuniogopa

Weka kidole kooni kwako. Shuka chini ya kile kifundo kinachopanda na kuteremka ukimeza, utakuta mfupa wa mviringo, mgumu, kama pete. Umeupata? Sasa ubonyeze kidogo. Unauma, sivyo? Mie nimelipwa mshahara wa serikali miaka mingi kwa kubonyeza pete hiyo kwenye koo za wanawake wa Temeke, Mbagala na Kigamboni mpaka Kimbiji, waliokuja kupasuliwa ili watoto watoke. Nyuma ya pete hiyo ndipo inapopita njia ya chakula. Ukiibana barabara, kilichomo tumboni hakipandi. Ukiilegeza kabla ya wakati kinapanda, kinaingia mapafuni, na mtu aliyelazwa usingizi hawezi kukohoa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na mjukuu wangu Rehema, anayeisomea chuoni kwa vitabu vinene, anasema bado ni hiyo hiyo.

Rehema ndiye kaniambia niandike. Kasema wenzake wanataka kujua zamani watu walilazwaje usingizi hali mashine hakuna. Basi nyie mabinti na vijana, nisomeni. Mwandiko wangu mbaya, Rehema atausafisha. Maneno yangu asiyaguse.

Shule nilikwenda mpaka darasa la pili, baba akasema inatosha. Kusoma sawasawa nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nina watoto watatu na wa nne mgongoni. Hospitalini niliingia Uhuru ukiwa bado mbichi, kazi yangu ufagio na ndoo. Siku moja nakamua tambara la deki, nimelisokota mpaka limekauka, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mkono huo unaweza kukaa mahali pamoja bila kuhama?"

Nikageuka. Alikuwa Bwana Danstan, mtu wa Masasi, mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi hata siku barabara zimejaa maji. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalaza wagonjwa usingizi. Udaktari hakuwa nao, alisomea kazi hiyo tu, na madaktari walikuwa wakimngoja yeye aseme "tayari" ndipo wachukue kisu.

Nikamwambia, "Unataka ukae wapi, bwana?"

"Kooni kwa mtu."

Nilidhani mchawi. Nikaokota ndoo yangu nikaondoka. Alinifuata siku tatu.

Alinifundishia kwenye mizani ya jikoni, ile ya kupimia nyama. Naweka vidole viwili na gumba, nabonyeza, mshale unapanda. "Hapo," anasema. "Shika hapo hapo. Sasa fumba macho, niambie mshale uko wapi." Mpishi alikuwa akitucheka, anasema Bi Hawa sasa anauziwa hewa. Mwezi mzima! Mpaka kidole kikajua uzito wenyewe, kama nyie mnavyojua chumvi ya mboga bila kuonja. Hapo ndipo akaniruhusu kugusa koo la binadamu.

Mengine nimeyachukua kwa kumtazama. Leo mna mashine inayolia pi, pi, pi. Sie mashine yetu ilikuwa macho. Mtu mweusi usimtazame ngozi, itakudanganya. Funua mdomo wa chini, tazama ndani, kisha tazama kucha. Rangi ikianza kufanana na zambarau, acha kila kitu ukimbilie hewa. Mama mwenye tumbo kubwa usimlaze chali bapa, mtoto atamkandamiza mshipa mkubwa na presha ya damu itashuka. Kunja khanga, itie chini ya nyonga ya kulia, ainamie kushoto kidogo. Na ukishika taya la mgonjwa, shika mfupa. Usishike nyama ya chini ya kidevu, utamziba pumzi wewe mwenyewe.

Dawa yetu kubwa ilikuwa etha. Inanuka utamu wa kutia kichefuchefu, inaingia kwenye nywele, kwenye khanga, mpaka kwenye mate. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nanuka kama duka la fundi rangi, akachukua mkeka wake akahamia sebuleni. Watoto walipungua kuzaliwa nyumbani kwangu kwa sababu ya etha, wala si kwa mpango wa mtu. Na siku moja nimeinama mno juu ya barakoa, nikaivuta mie badala ya mgonjwa. Nikaanza kucheka. Nacheka, nimeshika taya la watu, machozi yananitoka. Daktari akauliza, "Aliyelazwa hapa ni nani, mama au mhudumu?" Bwana Danstan akanivuta kwa kola akanitoa nje, akanikalisha kwenye ngazi kama gunia la mkaa.

Nimecheka sana kwenye kazi ile. Nawaambia mjue, maana yanayofuata hayachekeshi.

Kazi ya pili aliyonipa ilikuwa kuuliza. Kila mama kabla ya kuingia chumba cha upasuaji lazima aulizwe: umekula? umekunywa? saa ngapi? Kwetu mtu akishikwa na uchungu analishwa. Mama yake, shangazi yake, jirani, kila mmoja anakuja na chake, uji, chai ya tangawizi, wali. "Atasukuma kwa nguvu gani na tumbo liko wazi?" Na hawana ubaya, watu wote tumezaliwa hivyo. Ila anayeshindwa kuzaa nyumbani ndiye anayeletwa kwetu, na wali wake tumboni.

Basi nikasimama mlangoni. Kila kapu nalipekua. Chupa ya chai nikiikuta naifungua, naimwaga mtaroni mbele ya aliyeileta. "Huyu mnamlisha au mnamuua?" Watu wa Temeke kwa kubandika majina hawajambo. Wakaniita Bi Forodha. Nawasikia nje kwenye benchi: "Umepita forodhani?" "Nimepita, kaniachia khanga tu, shukuru Mungu." Nikajiona mtu. Mie wa darasa la pili, wake za wakubwa wananitetemekea!

Na mjue ilikuwa miaka gani. Sukari ya mgao, mchele wa mgao, sabuni ukiipata unaifunga kwenye leso. Mwanamke anasimama foleni duka la ushirika tangu alfajiri, pengine anarudi na mfuko mtupu. Akipata robo anaificha kwa ajili ya binti yake mjamzito. Mie naimwaga mtaroni.

Bwana Danstan alinikuta siku moja nimemwaga uji wa bibi mmoja, bibi analia. Akasema, "Bi Hawa, unawauliza au unawakamata?"

"Nawaokoa."

"Sawa," akasema. Alikuwa na hiyo "sawa" yake, inakukwama kooni siku nzima kama mwiba wa samaki.

Sasa nije kwa Tausi.

Tausi alikuwa binti wa Kimbiji, kaolewa Temeke na kijana wa kiwanda cha nguo. Alikwishazaa mara mbili, mara zote alirudi kwao kujifungua kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na watoto wote wawili hawakuishi. Mimba ya tatu mama mkwe wake, Bi Nuru, akakataa. "Safari hii haendi tena huko porini kwenu. Anazaa hospitali." Mama yake Tausi, Bi Siwema, akayameza. Mama kunyimwa kumzalisha binti yake ni kuambiwa mbele za watu kwamba mikono yako ina kisirani. Akawa anavuka na pantoni kila wiki kuja kumwona mwanawe, anakaa kibarazani kwa wakwe kama mgeni, anarudi.

Uchungu ulimshika Tausi Jumanne. Jumatano asubuhi mtoto akatanguliza mkono. Daktari akasema apasuliwe, mapigo ya mtoto mazuri, hatuna haja ya kukimbizana.

Nikatoka koridoni. Tausi yuko kwenye kitanda cha magurudumu, Bi Nuru kasimama kichwani, na kule ukutani, mbali kidogo, kasimama Bi Siwema na kapu lake. Nikasema kwa sauti yangu ya mlangoni, korido nzima isikie:

"Wee binti! Umekula? Usinidanganye. Ukinidanganya utakufa."

Tausi akamtazama mama mkwe wake. Akanitazama mie. "Shikamoo, Bi Hawa," akasema. "Sijala. Tangu jana mchana."

Mtu yuko kwenye uchungu wa siku mbili, mkono wa mtoto uko nje, ananiamkia. Nikaitikia marahaba kama malkia.

Nikainama kumfunga kitambaa cha kichwa, na hapo nikasikia harufu. Hiliki na nazi, ndani ya pumzi yake. Moyo ukaniambia, muulize tena. Lakini kumuuliza tena mbele ya watu wote wale ni kukubali kwamba kuna mtu kanipita mlangoni na chakula. Nikajiambia labda ni khanga yake, labda ni Bi Nuru, wanawake wa mjini wananukia kila kitu. Nikasukuma kitanda.

Ndani, Bwana Danstan akauliza, "Tumbo vipi?"

"Tupu."

"Una hakika?"

"Mie tena! Kwangu hawali."

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Dawa ya sindano ya mgongo, ile ya kumtia mtu ganzi akiwa macho, ilikuwa imekwisha tangu wiki mbili nyuma. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni kumlaza upesi kwa dawa ya mshipani, mie nabana pete ya koo, yeye anaingiza mpira kwenye njia ya hewa, mpira ukikaa hakuna kinachopita. Hiyo ndiyo njia ya mtu aliyeshiba. Ya pili ni etha kwa barakoa tu, pole pole, bila mpira. Hiyo ni ya mtu mwenye tumbo tupu. Na mpira uliofaa ulikuwa umebaki mmoja hospitali nzima. Ulikuwa umetoka kutumika, uko kwenye sufuria unachemshwa. Kuungoja ni robo saa. Robo saa tulikuwa nayo.

Akachukua barakoa. Alichagua kwa neno langu.

Usingizi ulipoanza kumshika Tausi, tumbo likaruka mara moja. Uji ukaja, mweupe, na punje za mchele. Tukamgeuza ubavu, tukashusha kichwa, nikaikanyaga mashine ya kunyonya kwa mguu mpaka ukanda wa kandambili ukakatika, nikakanyaga peku. Daktari akamtoa mtoto, msichana, akalia vizuri tu. Lakini pumzi ya Tausi ikawa inatoka kama mtu anayevuta maji ya mwisho ya dafu. Mashine ya kumpumulia mtu hatukuwa nayo. Tulikuwa na mfuko wa mpira na mikono yetu. Bwana Danstan anaukamua, akichoka nakamua mie. Jumatano, Alhamisi. Ijumaa kabla ya adhuhuri akaondoka.

Hospitali wakaandika kwamba ndugu walimlisha mgonjwa kinyume cha maagizo. Metroni akanisifu mbele ya wenzangu: Bi Hawa alifanya kazi yake, aliuliza mbele ya mashahidi. Shahidi mwenyewe Bi Nuru. Na kutoka kwa Bi Nuru neno likatambaa Temeke nzima. Mama yake ndiye kamuua, kwa uji. Wawili aliwaua kule Kimbiji, akaona hawatoshi. Msibani Bi Siwema alikaa nyuma kabisa ya wanawake, karibu na masufuria. Mtoto hakupewa hata kumshika. Bi Nuru akaapa kwamba hata siku ya arobaini, mtoto anaponyolewa na kutolewa nje, bibi yake wa kuukeni hatamgusa.

Nilikwenda msiba ule. Nilikula pilau nikanyamaza.

Bwana Danstan hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Wiki iliyofuata alikuja na daftari na makopo mawili ya maziwa ya unga, na mfuko wa vizibo vya soda. Akasema, "Tutafanya utafiti."

Ndiyo mara ya kwanza nasikia neno hilo. Nikamuuliza utafiti ndiyo nini.

"Ni kujiuliza kama wewe ni mwongo," akasema, "halafu unangoja jibu."

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Mie niulize mlangoni kama siku zote. Akisema hajala, apite. Halafu nyuma ya pazia, bila mkwe wala ndugu, nesi wetu mmoja, Anjela, binti mpole wa sauti ndogo, amuulize mara ya pili. Aliyenijibu mie kweli, kizibo kopo jekundu. Aliyenidanganya mie akamwambia Anjela kweli, kizibo kopo la kijani. Mie nikacheka moyoni. Nikajua la kijani litalala tupu.

Tuliendelea hivyo siku nyingi, na kila mama Bwana Danstan alimwandika kwenye daftari: kala nini, saa ngapi, kauliziwa wapi, mbele ya nani, katapika au hakutapika. Na kwa muda wote huo, kila mmoja alimlaza kama aliyeshiba, mpira unangojwa hata ukichelewa, kidole changu kooni. Hakumwamini tena mtu. Hakuniamini mie, ndiyo tuseme.

Akayaleta makopo mezani. La kijani akalimwaga, vizibo vikatawanyika mpaka vingine vikaanguka sakafuni. La jekundu alipolimwaga, vizibo vyake ungevificha kiganjani.

Nikamgeukia Anjela kwa hasira. "Wewe unawaambia nini?"

Akaona haya. "Siwaambii kitu, Bi Hawa. Nachuchumaa tu, namsugua mgongo, nasema dada, leo nani kakupikia? Hata kama umekula sikasiriki, nataka kujua nikuchagulie dawa gani. Basi ananitajia mpaka chumvi."

Nilimchukia yule msichana wiki nzima. Nawaambieni kweli, hata salamu yake nilikuwa naitikia kwa mgongo. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na vile vizibo. Kila kizibo mwanamke aliyenitazama usoni akaona bora kufa kuliko kutukanwa na mie.

Siku chache kabla ya arobaini, Bi Siwema akaja hospitali. Nilikuwa kwenye chumba kidogo cha vifaa, mlango wazi nusu, nakunja vitambaa. Bwana Danstan akamwamkia, akampa kiti.

"Jumamosi naitwa barazani, pale tawi la chama," Bi Siwema akasema. "Nimedai nimbebe mjukuu wangu siku ya arobaini, basi. Wao wanasema mie muuaji. Nipe karatasi, mwanangu. Iseme sikumuua."

"Mama, uji ulikuwepo. Siwezi kuandika haukuwepo."

"Nani kasema haukuwepo? Nimeupika mie. Sukari nimeikalia foleni siku mbili. Nimempitishia dirishani asubuhi, kanywa kikombe, kaniambia mama, ficha, yule wa forodha atatutukana mbele ya mama mkwe. Nikaficha. Lakini nilikuwa nimesimama pale pale ukutani. Ningeulizwa ningesema. Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Mmeuliza mtu mwenye hofu, mkamwacha mwenye jibu."

Alipokwenda zake, Bwana Danstan akaja mlangoni kwangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Daftari langu ni la madaktari. Barazani hawasomi madaftari."

Ile "sawa" yake hakuisema.

Jumamosi asubuhi nikajitanda khanga nikaenda tawini. Nilitembea huku naomba nikute baraza limeahirishwa. Halikuahirishwa. Benchi zimejaa, wengine wamesimama madirishani. Bi Nuru kaja na mtoto, kamfunika gubigubi. Bi Siwema kakaa peke yake. Mwenyekiti, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, akampa Bi Nuru nafasi.

"Ndugu mwenyekiti, mie sina mengi. Mtoto hawezi kubebwa na mkono uliomuua mama yake. Hospitali yenyewe imesema."

Watu wakaguna. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, nina neno."

"Wewe ni nani katika shauri hili?"

Mtu akapaza sauti dirishani, "Huyo Bi Forodha! Ficheni makapu!" Baraza zima likaangua kicheko, hata mwenyekiti.

Nikawaacha wacheke mpaka wakaishiwa. Kisha nikasema, "Ndiyo mie. Mie ndiye niliyemuuliza Tausi kama kala. Nilimuuliza kwa ukali, mbele ya mkwewe. Kwangu wanawake karibu wote wanadanganya, tumewahesabu, tuna ushahidi. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kusema kwamba nilisikia harufu ya uji mdomoni mwake. Nilijua. Nikanyamaza, nikaenda kusema tumbo tupu. Mlazaji angejua, angengoja mpira, na Tausi pengine angekuwepo. Uji haukumuua. Uji ulikuwa na dawa yake. Nilichokisema mie hakikuwa na dawa."

Ukasikia mpaka mtoto anavyonyonya kidole.

Bi Nuru akasema pole pole, "Ulisikia harufu?"

"Nilisikia."

"Na mie ukaniweka shahidi?"

"Nilikuweka."

"Mwanaizaya mkubwa wewe!"

"Bi Nuru, adabu ya baraza," mwenyekiti akasema. Akavua miwani. "Ndugu Mwanahawa, hayo unayosema yana kazi yako ndani yake. Yaandikwe?"

Nilikuwa na watoto sita na mume mgonjwa. Nikasema, "Yaandikwe."

Wakaamua pale pale Bi Siwema ambebe mjukuu wake siku ya arobaini, na aruhusiwe kumwona kila anapovuka. Bi Nuru hakubisha. Alikuwa ananitazama mie.

Mwajiri naye alinitazama. Metroni alinitoa chumba cha upasuaji akanipeleka dobi, nikafua mashuka ya damu zaidi ya mwaka. Anjela akashika kazi ya kuuliza, na alinizidi, sina cha kuficha. Bwana Danstan alichukua daftari lake akalisoma mjini mbele ya madaktari wakubwa. Alirudi na habari mbili. Ya kwanza, kwamba wamekubali: mjamzito yeyote ahesabiwe tumbo limejaa, hata akiapa kwa msahafu, na akiulizwa aulizwe faraghani, na aliyemleta aulizwe vile vile. Ya pili, kwamba mie nimo ndani ya karatasi. Nikamuuliza jina langu limeandikwaje. Akasema, "Mhudumu mmoja." Nikamwambia bora. Kisha siku moja akaja dobi, akasimama mbele ya karai langu, akasema anayembania koo sasa hivi ana mkono mlegevu kama kamba, nirudi. Nikafuta povu nikarudi, nikafanya mpaka nikastaafu. Mlangoni sikusimama tena.

Lakini nataka niwarudishe siku ile ya baraza, maana kuna jambo moja sijaliandika.

Nimetoka tawini, jua kali, natembea upesi nisikutane na mtu. Nikasikia kandambili nyuma yangu. Bi Siwema. Nikasimama. Nilidhani atanishukuru au atanizaba kofi, na vyote viwili nilivitaka.

Akasema, "Siku zile tatu ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Zote?"

"Zote. Mie na Bwana Danstan tulikuwa tunapokezana."

Akaitazama barabara, hakunitazama mie. "Aliamka? Hata kidogo? Alimwona mtoto wake?"

Mama wa watu alikuwa ameteseka siku arobaini kasoro. Neno moja tu lingemtosha, na mdomo wangu ulikuwa nalo tayari. Nani angejua? Nyie mtaulizwa swali hilo, kama bado hamjaulizwa. Mtaulizwa koridoni, na mtu aliyeshika kapu.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuamka. Hakumwona."

Akajifunga khanga upya, akakaza fundo.

"Wote waliniambia alimwona," akasema. "Metroni kaniambia. Hata huyo Anjela wenu. Alimwona, akacheka, akamshika kidole. Nilikuwa najua wananidanganya, nikawa sina wa kumuuliza."

Nikataka kusema neno, akaniinulia mkono.

"Nenda kwenu," akasema.

Nikaenda. Sijafika mbali, akaniita kwa jina langu, Mwanahawa, bila Bi, bila Forodha. Nikageuka. Bado kasimama pale pale katikati ya njia, watu wanampita huku na huku.

"Akikua akaniuliza," akasema, "nitamwambia hivyo hivyo."